Ngumi nzito inaanzia kwenye unyayo, wengi inawavujia njiani

Mwaka juzi kuna kijana alikuja mazoezini kwetu, kifua kimejaa, mikono minene, ukimuona tu unasema huyu akikupata moja unalala. Tukamfunga bandeji, akavaa glavu, akasimama mbele ya begi la kupigia ngumi akaachia konde la kulia kwa nguvu zake zote. Begi likaondoka taratibu, likaenda mbele, likarudi, likabaki linabembea pale. Kwenye begi la pili alikuwepo binti mmoja wa kilo 54, ana kama miaka minne kwenye ngumi, naye akapiga konde lilelile la kulia, begi lake hata halikwenda mbali, lilikunjika katikati na mnyororo kule juu ukalia. Kijana akageuka akaangalia begi, akamuangalia binti, akaniuliza kwa sauti ya chini, kocha, huyu dada anakula nini?

Jibu haliko kwenye chakula. Na kwa kuwa swali hili naulizwa karibu kila wiki nimeona nilielezee kwa kirefu, maana kuna mambo mengi yanachanganywa hapa na vijana wanapoteza miezi, wengine wanavunja mikono kabisa, kwa mazoezi ambayo hayahusiani na kile wanachokitafuta.

Tuanze na neno lenyewe. Tunasema "fulani ana ngumi nzito" kama vile uzito ni kitu kimekaa kwenye kiganja chake tangu azaliwe. Vya kuzaliwa vipo, urefu wa mikono, aina ya misuli, umbo la mifupa, hivyo huwezi kuvinunua. Ila ukiichambua ngumi nzito unakuta vitu viwili tu: mkono unafika kwa kasi gani, na pale unapogusa kuna mwili kiasi gani nyuma yake. Basi. Zoezi lolote utakaloambiwa lipime hapo, je linaongeza kasi au linaleta mwili nyuma ya ngumi? Kama halifanyi hata moja, hilo ni la kukutoa jasho tu.

Kwenye kasi kuna hesabu ambayo wengi tuliisoma shule tukaiacha hukohuko. Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena, yani kasi inaingia mara mbili. Chukua ngumi yenye kilo 3 inaenda mita 6 kwa sekunde, ina jouli 54. Ongeza uzito nusu yake, iwe kilo 4.5, kasi ileile, unapata jouli 81. Sasa rudisha uzito uwe kilo 3, nusu hiyo iongeze kwenye kasi, iwe mita 9 kwa sekunde, unapata 121 na nusu. Ongezeko ni lilelile la nusu ila faida haifanani kabisa. Ndo maana jamaa anayejaza mkono nyama mpaka unakuwa mzito kuurusha anaweza kujikuta ngumi yake imepungua.

Na hizo mita 9 sijazitoa hewani. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walimpima Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu, wakati ule yumo kwenye viwango vya dunia. Walining'iniza kitu kizito kilichovalishwa sponji na kufungwa vipimo, wakamwambia apige. Ngumi ilisafiri kama nusu mita ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikafika na kasi ya mita 8.9 kwa sekunde, na nguvu yake ya juu ilikuwa nyutoni 4096, hiyo ni kama uzito wa kilo 400 na zaidi. Ila namba ninayoipenda mimi ni nyingine: kilele hicho kilifikiwa ndani ya milisekunde 14, yani sehemu 14 za elfu ya sekunde, tangu glavu iguse. Ukishaelewa hiyo 14 unaelewa kwanini begi la yule kijana lilibembea. Yeye nguvu yake aliitoa polepole kwa muda mrefu, huko ni kusukuma. Binti aliimaliza yote kwa mara moja.

Haya, kasi tumeiona, sasa mwili. Mkono mzima wa mtu, kuanzia begani mpaka kwenye vidole, ni kama asilimia 5 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 mkono wake una kilo 3 na nusu hivi. Ukipiga kwa mkono peke yake umemtupia mwenzio kilo 3 na nusu na zile kilo 66 zingine umeziacha zimesimama zinaangalia. Kazi yote ya ufundi wa ngumi, stensi yani namna unavyosimama, kugeuza kisigino, kuzungusha nyonga, ni kutafuta namna ya kuzipeleka zile kilo 66 nazo zikaguse.

Watafiti wa Kisovieti waliwahi kuliangalia hili vizuri sana, kazi yao ikatoka mwaka 1985 huohuo, walipima mabondia 120 wa viwango tofauti ili waone ngumi ya moja kwa moja inapata nguvu yake wapi. Kwa mabondia wa daraja la juu miguu ilichangia kama asilimia 38, kiwiliwili kinachozunguka kama 37, mkono unaonyooka kama 24. Kwa wale wa madaraja ya chini mkono ulichangia kama 38 na miguu ikashuka mpaka kama 16. Soma tena hapo. Anayejifunza anapiga na mkono, aliyeiva anapiga na mguu. Hata siku moja usidhani bondia mkubwa ana siri ya begani, bega kwake ni njia ya kupita tu.

Sasa mguu unapigaje ngumi? Unasukuma sakafu. Ukisukuma sakafu na mguu wa nyuma, nayo inakurudishia, ile nguvu inapanda kwenye goti, inafika nyonga, nyonga inazunguka na kuburuta kiwiliwili, kiwiliwili kinavuta bega, bega linarusha mkono, na mkono ndo wa mwisho kutoka. Kila kiungo kinasubiri cha chini yake kimeshaanza. Ukiwahi kurusha mkono kabla nyonga haijageuka umeikata ile safu, nyonga itakuja baadae ikute ngumi imeshafika, haina pa kwenda.

Alafu kuna mguu wa mbele ambao hausemwi sana na mi naona ndo unaoleta tofauti kubwa. Muangalie Julius Yego wa Kenya anavyorusha mkuki, yule aliyerusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015. Anakuja na mbio zote zile, alafu mguu wa kushoto anaukita chini, umenyooka, mwili unafunga breki ghafla na ile mbio yote inahamia kwenye mkono. Kwenye konde la kulia ni hivyohivyo, mguu wa kushoto unakuwa ukuta. Ukiuacha goti likunjike mbele, mwili unaendelea kuanguka na ngumi yako inakuwa ya kuegemea. Mguu ukikaza, mwili unazunguka kwenye huo mguu kama mlango kwenye bawaba, na ngumi inatoka imebeba.

Nikimpiga mtu video ya simu nikitafuta kwanini ngumi yake nyepesi, naanza chini napanda juu, natafuta inavujia wapi, kama unavyokagua mpira wa kumwagilia ambao maji hayafiki mwisho. Kisigino cha nyuma kimeng'ang'ania sakafu, hapo inavuja, nyonga haiwezi kuzunguka. Tumbo limelegea, kiuno kimegeuka ila mabega yamebaki nyuma, inavuja. Kiwiko kimefunguka nje kama bawa la kuku, inavuja. Kifundo cha mkono kimekunjika pale kinapogusa, hapo ndo kabisa, umefanya kazi yote ile ukaja kuimwaga mlangoni.

Hapa nakuja kwenye jambo gumu kuliko yote kulifundisha, kulegeza. Watu wakisikia "piga kwa nguvu" wanakaza, wanauma meno, ngumi imefinywa tangu iko kidevuni. Msuli uliokaza wote unajipinga wenyewe, ule wa nyuma ya mkono unaunyoosha wakati wa mbele unauvuta, ni kama kuendesha gari na handibreki juu.

Kama umekulia nyumba yenye kinu utanielewa haraka. Mtu anayejua kutwanga haushikilii mchi kwa kuukaba. Anaunyanyua vidole vimelegea, anauachia ushuke, na anaubana kidogo tu pale unapokaribia kugonga nafaka, alafu analegeza tena unapanda. Anaweza kutwanga debe zima anaongea na kuimba. Mgeni anakaba mchi mwanzo mwisho, dakika tano mikono imekufa, viganja vimetoka malengelenge, na mahindi yako vilevile. Ngumi ni mchi. Inatoka imelegea, inakaza pale inapogusa, inalegea kurudi.

Hili nalo limepimwa. Mwaka 2010 Stuart McGill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walibandika vipimo kwenye misuli ya wapiganaji wa juu wa emuemuei (MMA), yale mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka. Walikuta misuli inawaka mara mbili: ya kwanza mwanzoni, kuanzisha mwendo, alafu inalegea katikati ili kasi ipande, alafu inawaka tena wakati wa kugusa. Ule muwako wa pili ndo unaufanya mwili wote uwe kitu kimoja kigumu nyuma ya ngumi, ndo zile kilo 66 zinavyofika. Na ile pumzi kali ya "tss" unayosikia kwa mabondia ndo kazi yake hiyo, inakaza tumbo kwa wakati sahihi. Sio mbwembwe, ukimnyima mtu ile pumzi ngumi yake inapungua na unaiona.

Kingine kilichonishangaza mimi ni kipimo cha mwaka 2012 kutoka London, Imperial College na University College, waliwachukua watu 12 wenye mkanda mweusi wa karate na watu 12 wa umri huohuo wanaofanya mazoezi ya kawaida, wote wapige kutoka umbali wa sentimita 5 tu. Wa karate walipiga kwa nguvu zaidi, na tofauti haikutokana na ukubwa wa misuli, ilitokana na jinsi bega na kifundo cha mkono vilivyokuwa vinakwenda pamoja kwa wakati. Yani muda. Wakaangalia na ubongo, wakakuta tofauti kwenye sehemu ya nyuma inayopanga mwendo. Kwahiyo zile ngumi elfu na elfu za shado, za kupiga hewani peke yako, wanazozidharau vijana hazijengi mkono, zinajenga kichwa.

Sasa mazoezi. Nguvu ya msingi lazima uitafute, simuungi mkono anayesema chuma kinamfanya bondia awe mzito. Kinachokufanya mzito ni kubeba kwa ajili ya kuvimba, marudio 12, 15, kifua na mikono kila siku. Wewe beba kwa ajili ya nguvu: skwati, yani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, na kunyanyua chuma kutoka chini, marudio matatu mpaka matano, unapumzika vizuri, siku mbili kwa wiki zinatosha. Unaijenga miguu na mgongo kwa sababu tumeshaona huko ndo inakotoka.

Alafu hiyo nguvu uifundishe kutoka haraka, maana mtu anaweza kunyanyua kilo 150 ila taratibu, na ngumi haikusubiri. Hapo unaruka, ruka juu, ruka mbele, na unarusha boli zito la kilo 3 au 4 ukutani kwa kuzungusha nyonga, mara tano kila upande, kila mrusho kwa roho yote, alafu kaa dakika mbili. Vijana wanapakosea hapo kwenye kukaa. Wanaona aibu kupumzika, wanarusha 50 mfululizo, ile ya 20 imeshapungua kasi na kuanzia hapo unaufundisha mwili kwenda polepole. Kama boli huna, chukua mpira wa miguu uliokufa, jaza mchanga, shona, pima usizidi kilo 4. Sisi wetu tulishona na uzi wa fundi viatu na mpaka leo uko.

Kurusha ngumi umeshika dambeli sikushauri. Dambeli inavutwa kwenda chini, ngumi inaenda mbele, kwahiyo unachochosha ni bega la kubeba, na mwendo wako unabadilika kufuata ule uzito. Na pushapu? Pushapu ni nzuri kwa afya, kwa kifundo cha mkono kama unapiga kwa vifundo vya vidole, ila pushapu 200 ni zoezi la kuvumilia, halina mlipuko. Piga 6 za kujirusha viganja vikiachana na sakafu, zinafaa kuliko 60 za kusuasua.

Begini, tenga raundi ya nguvu iwe raundi yake. Sekunde 10 mpaka 15 unapiga moja moja au mbili mbili kwa ukamilifu, dakika nzima unatembea. Lenga kama sentimita 10 ndani ya begi, sio juu ya ngozi, na mkono urudi haraka kuliko ulivyokwenda. Sikiliza. Begi linalosukumwa linakohoa na kubembea, begi linalopigwa linapasuka sauti na kutikisika hapohapo.

Ila kagua begi lenyewe. Mabegi yetu mengi ni ya kushona mtaani, yamejazwa vitambaa na maranda na wengine wanatia mchanga ili lipate uzito, na mchanga baada ya mwezi unashuka wote chini unakuwa jiwe. Mi nilipiga ngumi ya tumboni kwenye begi la hivyo nikiwa na bandeji imefungwa ovyo, nikavunja mfupa wa kiganja upande wa kidole kidogo, wiki sita sijapiga. Ule mfupa ni mwembamba na ndo unaovunjika zaidi kwa wapiga ngumi. Gusisha vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati, kwa sababu hivyo vimenyooka na mfupa wa mkono wako. Na mwili una akili yake, mkono ukishauma ubongo unapunguza ngumi wenyewe bila kukuuliza, kwahiyo bandeji nzuri ni sehemu ya nguvu.

Tukiingia ulingoni hesabu inabadilika kidogo. Kinacholaza mtu mara nyingi ni kichwa kuzunguka ghafla, ubongo ukibaki nyuma ya fuvu, na kidevu ndo mpini mrefu wa kukizungusha. Ngumi ya wastani kwenye ncha ya kidevu inamaliza kazi ambayo nzito ya paji la uso haimalizi. Na ambayo mtu hakuiona haikazii shingo, kwahiyo kichwa kinaenda chote. Jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, ya kumziba macho, alafu kulia nyuma yake, hiyo nayo ni nguvu japo hakuna chuma kilichonyanyuliwa.

Na nguvu inaisha. Oktoba 30, 1974, Kinshasa, George Foreman alikuja anaogopwa na dunia nzima, kila ngumi anaitupa kwa ukamilifu, na Muhammad Ali akajilaza kwenye kamba, akaziba, akamuacha apige. Raundi ya 8 Foreman mikono imeshakuwa ya maji, Ali akamdondosha. Foreman hakuwa amepoteza ufundi, alishatumia akiba yote. Kwahiyo kwenye raundi ngumi zako nyingi ziwe za asilimia 60, 70, zile za kujaza zitunze kwa nafasi umeiona.

Kwenye sparingi, pambano la mazoezi na mwenzio, hizo za kujaza sizitaki kabisa. Robert Wangila wa Kenya alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya 2 kwenye fainali akachukua dhahabu ya Olimpiki Seoul, 1988, sisi tuliokua tunasikia hilo jina tulitamani mkono ule. Mwaka 1994 alifariki baada ya pambano Las Vegas. Namkumbuka kila nikiona vijana wawili wa kwetu wanaanza kupandishana hasira bila kofia za kichwa, nasimamisha palepale, hata kama imebaki sekunde 20. Mwenzio wa mazoezi ndo anakusaidia ukue, ngumi nzito peleka begini na kwenye padi anazokushikia kocha.

Yule kijana bado yupo. Kwa miezi mitatu ya mwanzo sikumruhusu kupiga kwa nguvu hata siku moja, ni kugeuza kisigino na nyonga mkono ukiwa kifuani, alikasirika, akataka kuhama, akabaki. Sasa hivi begi lake limeanza kukunjika kwa kulia. Kwa kushoto bado, ngumi ya pembeni anaitoa mguu wa mbele haujageuka, kiwiko kinatangulia, alafu kinashuka. Jumanne tunaanza nayo hiyo, na tunaanzia kwenye unyayo.